Amri, Uwezo, Mamlaka: Chanzo cha Mamlaka ya Kimungu katika Kiswahili cha Mahubiri, kwa Mfano wa Ituri

Ukristo unafundisha kwamba mamlaka yote asili yake ni Mungu. Fundisho hili ni fupi, lakini kulieleza kwa Kiswahili si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa, kwa kuwa pale ambapo Agano Jipya la Kigiriki lina neno moja, Kiswahili kimeweka maneno kadhaa. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo na kuonyesha uzito wa uchaguzi wa mhubiri katika mji wa Bunia, makao makuu ya Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Bunia ni mji wa makanisa mengi. Wamo Wakatoliki, Waanglikana, na Waprotestanti wa jumuiya zilizotokana na misheni mbalimbali, mojawapo ikiwa CECA 20. Kipo pia Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho chimbuko lake ni taasisi ya teolojia iliyoanzishwa mwaka 1961. Mwanafunzi wa teolojia husoma kwa Kifaransa, kisha huhubiri kwa Kiswahili. Darasani hulizoea neno la Kifaransa pouvoir, ambalo laweza kutaja uwezo wa Kristo na vilevile utawala wa nchi. Apandapo mimbarani hana budi kuchagua: je, aseme nguvu, uwezo, amri au mamlaka?

Neno la Kigiriki linalohusika ni exousia. Limetokana na kitenzi chenye maana ya kuruhusiwa, na kwa hiyo msingi wake ni haki au idhini ya kutenda, wala si misuli. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 imelifasiri kwa namna tofauti. Katika Marko sura ya kwanza, Yesu anafundisha kama mtu mwenye amri. Katika Yohana sura ya kwanza, waaminio wanapewa uwezo. Katika sura ya kumi ya kitabu hicho hicho, Yesu ana uweza wa kuutoa uhai wake. Na mwishoni mwa Mathayo, anayo mamlaka yote. Aidha, neno uwezo hutumika pia kufasiri dunamis, yaani nguvu yenyewe. Katika Luka sura ya tisa mawili hayo yanasimama bega kwa bega, na hapo ndipo wafasiri walipolazimika kuyatenga: uwezo kwa dunamis, mamlaka kwa exousia.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Amri na mamlaka ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yameingia na harufu ya dola: amri inatukumbusha amiri, na mamlaka inatukumbusha ufalme. Uwezo na nguvu ni maneno ya Kibantu, nayo hutaja kile alicho nacho mtu mwilini au mkononi. Hakuna hata moja kati ya maneno haya manne ambalo kwa lenyewe linamwambia msikilizaji kwamba kitu hicho kimetoka kwa mwingine.

Hata hivyo, Kiswahili kinayo njia ya kulisema hilo, nayo haimo katika nomino bali katika kitenzi. Yesu mfufuka anasema kwamba mamlaka amepewa. Mbele ya liwali Pilato anamjibu kwamba naye asingekuwa nayo kama asingepewa kutoka juu. Wazee wa hekaluni wanapomhoji, swali lao ni nani aliyempa. Kitenzi kupewa kinabeba fundisho lote: yupo mpaji, yupo mpokeaji, na aliyepokea ana wa kumjibu. Vivyo hivyo neno mtume, lililotokana na kutuma, linadai tuulize mara moja: katumwa na nani?

Historia ya Ituri inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1896 mwinjilisti kutoka Buganda, Apolo Kivebulaya, alifika Boga, kusini mwa Bunia. Hakuwa na askari wala cheo, na upadri aliupata baadaye, mwaka 1903. Mtawala wa Boga, Tabaro, alimpinga. Dada yake Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alishtakiwa na kufungwa Fort Portal. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika kifungo hicho Kristo alimtokea na kumtia moyo. Alipoachiliwa alirudi Boga kule kule, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki mwaka 1933 na kuzikwa Boga. Kwa kipimo cha nguvu, Tabaro alikuwa mkubwa. Kwa kipimo cha kupewa, mfungwa ndiye aliyekuwa na la kusema.

Yafaa ikumbukwe kwamba makanisa hayalingani juu ya njia ambayo kwayo mamlaka hiyo huwafikia watu. Wakatoliki hutaja Maandiko pamoja na Mapokeo, yanayofasiriwa na maaskofu walio warithi wa mitume. Waprotestanti huyafanya Maandiko kuwa mwamuzi wa mwisho. Wapentekoste huyashika Maandiko hayo hayo, huku wakikazia karama za Roho. Wote lakini hukubaliana juu ya chemchemi. Wanachobishania ni mfereji.

Je, haya yana faida gani nje ya darasa? Katika vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003, mji wa Bunia ulipita mikononi mwa makundi yenye silaha, moja baada ya jingine. Mwezi Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa, na utawala wa mkoa ukakabidhiwa wanajeshi. Katika nyakati kama hizo Warumi sura ya kumi na tatu husomwa sana. Mhubiri akiifafanua kwa neno nguvu, msikilizaji ataelewa kwamba yeyote aliyeuteka mji kwa bunduki ametoka kwa Mungu. Ndiyo ile methali ya mwenye nguvu mpishe, sasa ikivikwa joho. Akiifafanua kwa kupewa, maana inageuka: mtawala ni mdhamini, na mali si yake.

Huenda mtu akasema kwamba hata dhalimu aweza kudai amepewa. Ni kweli, lakini Pilato aliambiwa hivyo wakati akihukumu isivyo haki, na kupewa kwake hakukumwondolea hatia. Dhamana ndiyo inayomfanya mtu adaiwe hesabu.

Kwa hiyo, anayefundisha au kufasiri maneno haya asitosheke kutafuta nomino iliyo bora. Na aangalie kitenzi kinachoandamana nayo, kwani humo ndimo Kiswahili kilimohifadhi swali ambalo kila mwenye mamlaka, wa kanisa au wa nchi, anapaswa kuulizwa: ni nani aliyekupa?