Tairi Linalosugua na Gari Lenye Abiria

Mvua ilikuwa ikinyesha Isongole siku tuliporejea kutoka mazikoni Tukuyu. Ujumbe wa msikiti wetu wa hapa Uyole ulikuwa wa watu watano ndani ya Mark II ya kijana mmoja miongoni mwa maamuma: yeye mwenyewe kwenye usukani, imamu kando yake, na nyuma mzee mmoja pamoja nasi wawili wa kamati. Wafiwa, kwa ukarimu unaojulikana wa watu wa Rungwe, walikuwa wametutilia butini mikungu mitatu ya ndizi.

Asubuhi, wakati wa kwenda, tulisikia mkwaruzo mfupi kila gari lilipovuka tuta, na hakuna aliyeuliza. Jioni mkwaruzo haukungoja matuta. Tulipoanza kuteremka kuelekea Igawilo ukawa mlio mmoja usiokatika, kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua," alisema mzee.

"Ni breki za malori, babu," kijana akajibu.

Jibu hilo lilikuwa na sura ya ukweli, kwani anayeujua mteremko ule anajua harufu ya breki za malori yatokayo mpakani Kasumulu. Imamu hakuridhika. Akamwomba asimamishe gari, na sote tukashuka mvuani. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Kwenye ubavu wake wa nje palikuwa na mfereji uliolizunguka tairi zima, na mahali pamoja nyuzi za ndani zilikuwa zimejitokeza, nyeupe, kama nyuzi za shuka iliyochakaa.

Tulifunga tairi la akiba. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea, nalo ndilo lililotufundisha kuliko yote: upande wa kushoto ukanyamaza kabisa, na upande wa kulia ukaendelea kulia. Tairi la akiba lilikuwa lile la asili lililokuja na gari. Kupunguza uzito, sisi wawili wa kamati tulishuka Igawilo tukapanda daladala na ndizi zetu, na gari likajikongoja hadi Uyole.

Tunaliandika jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu gari lile si chombo cha starehe ya kijana peke yake. Hapa mtaani magari ni machache. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, hugongewa mlango kijana huyo ampeleke hospitali ya Igawilo, na mambo yakizidi, kitengo cha wazazi cha Meta mjini. Wazee husafirishwa nalo mazikoni, na maharusi pia. Kamati ilipokutana baada ya sala ya isha iliamua kwamba lisipakie mtu hadi litengenezwe. Wiki ile ile mama mmoja alifika Igawilo kwa bajaji, katika baridi ya Uyole ambayo msomaji wa pwani haijui. Alifika salama, alhamdulillahi, lakini uamuzi wetu ulitukaa moyoni.

Kijana alifanya nini hasa? Alifanya wanachofanya vijana wengi. Alinunua rimu kubwa za mtumba za inchi 17 zikiwa na matairi yake, akazifunga mahali pa zile za inchi 15. Gari likaonekana limesimama juu kama mbuzi, akalipeleka kwa mtu akakata springi, mizunguko miwili kila upande, ili likae chini. Hatukatai kwamba lilipendeza. Hata miongoni mwetu wanakamati walikuwapo waliolisifu siku ya kwanza.

Fundi tuliyempelekea ni mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Kijana alipomwambia kwamba akiwa peke yake garini hasikii kitu chochote, fundi alicheka, akamtaka alete abiria. Tukaingia wanne, na mifuko miwili ya viazi ikapakiwa butini. Kabla ya hapo alikuwa amepima kwa mkono nafasi iliyopo kati ya tairi la nyuma na ukingo wa fenda: vidole vitatu. Tulipokwisha kukaa, kidole kimoja hakikupita. Akapaka chaki nyeupe kwenye mabega na mbavu za matairi yote manne, akaliendesha polepole juu ya tuta, kisha akakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Tuliposhuka, chaki ilikuwa imehamia kwenye bati. Nyuma ilikuwa kwenye ukingo wa fenda, ule uliokunjwa kwa ndani ambao makali yake hayatofautiani sana na ya kisu. Mbele ilikuwa kwenye plastiki ya ndani, upande wa nyuma wa gurudumu, na hiyo ilitoka tu usukani ulipokatwa.

Kila mwenye gari la namna hii anaweza kufanya jaribio hilo nyumbani, maadamu alifanye akiwa na watu ndani. Gari tupu halisemi kweli.

Kisha fundi alisoma namba. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ilisema 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 634 na kitu. Matairi ya kijana yalikuwa 215/55R17, yenye kipenyo cha milimita 668. Maana yake ni kwamba tairi lilikuwa limeusogelea ukingo wa juu kwa milimita 17 kabla hata springi haijakatwa. Na kwa kuwa mduara wake ni mkubwa zaidi, mshale wa mwendo ulikuwa ukimdanganya: ukisoma 80, gari lilikuwa likienda karibu 84.

Lilikuwapo jingine ambalo sisi hatukulijua kabisa. Nyuma ya rimu hupigwa chapa ya herufi ET na namba. Namba hiyo hueleza uso wa rimu unaofungwa kwenye gari uko umbali gani kutoka katikati ya upana wake, na kadiri inavyopungua ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Rimu za asili zilikuwa na 50, zile za inchi 17 zina 35. Ni milimita 15. Jumlisha 10 za nusu ya upana ulioongezeka, na ubavu wa nje umesogea milimita 25 kuuelekea ukingo wa fenda. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini tairi la akiba lilinyamaza.

Kijana alitaka ukingo ukunjwe tu, kazi iishe. Kukunja ukingo kunawezekana, na kuna mafundi wanaoufanya vizuri, wakiipasha rangi moto kwanza isipasuke na kulilaza bati kidogo kidogo. Lakini bati likilazwa, kisu kimeondolewa. Nafasi iliyopotea juu haikurudi. Wengine hushauri gurudumu liinamishwe, kichwa kiingie ndani. Hilo nalo huondoa msuguano, kisha tairi likaliwa upande wa ndani ambako mwenye gari hachungulii. Wapo pia wanaopachika vipande vya chuma kati ya rimu na gari, ambavyo husaidia pale tu tairi linapogusa kitu cha ndani kama shokapu. Kwa gari letu vingezidisha maradhi. Na ubavu uliokatika hauzibwi kwa kiraka, hata fundi pancha akuapie.

Springi ndizo fundi alizozisemea kwa ukali. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi zaidi, na shokapu iliyotengenezwa kwa urefu wa zamani haiendani nayo. Gurudumu likining'inia shimoni, springi inaweza kuachia kiti chake. Iliyokatwa kwa moto wa gesi ni mbaya zaidi, kwa sababu moto huo huharibu ukakamavu wa chuma. Hairefushwi tena. Anayetaka gari la chini kwa dhati atafute springi fupi zilizotengenezwa hivyo kiwandani pamoja na shokapu zake, aridhike na sentimita mbili au tatu.

Hapo kijana alileta hoja nzuri. Vipi akibakiza rimu za inchi 17 na kuzivisha tairi la 215/45, ambalo kipenyo chake ni milimita 625 tu? Fundi alikubali kwamba halitagusa juu. Kisha akamwonyesha namba ndogo inayofuata ukubwa wa tairi. La asili lilikuwa na 91, yaani hubeba kilo 615 likiwa na upepo wake kamili. Lile alilopewa dukani lilikuwa na 87, yaani kilo 545. Tofauti ni kilo 70 kwa kila gurudumu.

"Hiyo ni mtu mzima mmoja," alisema fundi. "Umshushe nani?"

Kijana hakujibu. Baba yake, aliyemkopesha fedha za gari na ambaye kwa wiki mbili walikuwa hawasemezani vizuri kwa ajili ya rimu hizo, naye alinyamaza, jambo tulilomshukuru kwalo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na askari angeweza kulizuia wakati wowote. Lakini si askari aliyemfanya kijana abadili nia. Alituambia baadaye kwamba ni lile jibu lake kwa mzee kuhusu breki za malori. Alikuwa ameisikia harufu hiyo kabla yetu.

Kamati ilimkopesha nusu ya gharama, naye atalipa kwa safari. Springi za asili za mtumba zilipatikana Mwanjelwa, jozi mbili, kwa sababu hazibadilishwi upande mmoja. Rimu za inchi 15 alikuwa bado anazo, na matairi mapya ya 195/65 yalinunuliwa baada ya kukagua tarehe ya kutengenezwa ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magurudumu yakapimwa na kunyooshwa. Fundi akatupakia tena na viazi vyetu, akapaka chaki, akavuka tuta lile lile. Chaki ilibaki kwenye tairi.

Wiki iliyofuata gari liliondoka saa nane za usiku kuelekea Igawilo likiwa na mama mjamzito, mama mkwe wake na jirani. Mtoto ni wa kike.

Zile rimu za inchi 17 ziko chumbani kwa mama yake kijana, zimefunikwa khanga. Ameomba azifunge siku moja tu, kwa ajili ya arusi ya dada yake. Kamati imemjibu kwamba bibi arusi apande gari jingine.