Nyangumi na Hesabu Mbaya ya Wawindaji

Wakulima wengi wa bara hawajamwona nyangumi, na wengine hudhani kuwa ni samaki mkubwa. Siye samaki. Nyangumi ni mnyama kama ng'ombe wako: damu yake ni ya moto, hupumua hewa kwa mapafu, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Kwa hiyo mfugaji ataelewa upesi habari zake, na pia makosa ambayo watu wamemfanyia.

Wako wa aina nyingi. Aliye mkubwa kupita wote ni nyangumi-buluu. Urefu wake waweza kufika futi 90 na zaidi, na uzito wake tani 150, yaani sawa na ndovu dume 25. Hata hivyo hana meno. Kinywani mna vibamba vigumu kama pembe, vyenye nywele kama ufagio, navyo huchuja katika maji uduvi walio wadogo kuliko kidole.

Sasa angalia uzazi wake. Jike huchukua mimba karibu mwaka mzima na huzaa ndama mmoja tu. Maziwa yake yana mafuta mengi sana, hata ndama huongezeka karibu kilo 90 kwa siku. Lakini mama hazai tena mpaka ipite miaka 2 au 3, na ndama wake hukaa miaka 5 au zaidi kabla ya kuweza kuzaa. Ng'ombe aliyetunzwa vizuri aweza kuzaa kila mwaka. Basi nyangumi huongezeka polepole sana.

Zamani watu waliwawinda kwa mashua na chusa za mkono, wakitaka mafuta ya taa. Nyangumi wenye mbio waliponyoka. Katika miaka ya 1860 Svend Foyn wa Norway alitengeneza mzinga wa kurusha chusa yenye baruti kutoka katika meli ya mvuke. Mwaka 1904 wawindaji walijenga kituo katika bahari ya kusini, karibu na nchi ya barafu. Mafuta yakafanywa sabuni na majarini. Katika msimu mmoja tu, wa 1930/31, waliuawa nyangumi-buluu zaidi ya 29,000.

Mwaka 1946 mataifa yalipatana kuzuia uharibifu huo, lakini hesabu yao ilikuwa mbaya. Walihesabu mafuta, si wanyama: nyangumi-buluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi-nundu wawili na nusu. Tena kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja kwa meli zote. Kila nahodha akafanya haraka kumtangulia mwenzake, akitafuta walio wakubwa kwanza. Ni kama kijiji kuruhusu ng'ombe wachinjwe kwa ratili za nyama, bila kuuliza kundi limebaki na wangapi. Hesabu hiyo haikuachwa mpaka 1972. Wakati huo nyangumi-buluu wa kusini, waliokuwa zaidi ya laki mbili, walikuwa wamebaki mamia tu.

Mwaka 1982 mataifa yalikata shauri kusimamisha uwindaji wa biashara, na amri ikaanza kazi msimu wa 1985/86. Nchi chache, kama Norway na Japani, bado huwinda. Lakini leo ziko hatari nyingine: meli huwagonga, nyavu huwanasa wakafa kwa kukosa hewa, na kelele za meli huwazuia kusikizana.

Hata hivyo, waliopumzishwa wameanza kurudi. Nyangumi-nundu wa kusini wameongezeka sana. Kati ya Julai na Septemba wengine hufika pwani yetu kuzaa na kulea ndama katika maji yenye joto, na watu wa Watamu huwaona wakiruka. Nyangumi-buluu wangali wachache, kwa kuwa walipunguzwa mno.

Mkulima, jambo hili halihusu bahari peke yake. Anayeuza mitamba yake yote ili alipe deni la mwaka huu, mwaka ujao atalipa kwa nini? Kabla ya kutoa mnyama katika boma, hesabu kwanza watakaobaki kuzaa.