Mwanao anataka kuwa ofisa wa jeshi? Anzeni nyumbani

Anayeingia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, haendi kujifunza gwaride tu. Akihitimu na kutunukiwa kamisheni anakuwa Luteni Usu, na baada ya muda si mrefu anaweza kukabidhiwa kikosi cha askari wapatao thelathini, baadhi yao wamemzidi umri. Kijana anayeamshwa na mama yake kila asubuhi atawaamshaje thelathini?

Kwa hiyo maandalizi yanaanza nyumbani, miezi kadhaa kabla.

Mazoezi yaende taratibu. Wiki za mwanzo atembee kwa haraka nusu saa, akichanganya na mbio fupi, siku tatu au nne kwa wiki. Umbali uongezwe kidogo kidogo. Vijana wengi hukimbia kupita kiasi wiki ya kwanza, kisha wanaumia muundi. Maumivu yasiyoisha kwenye mfupa yanaweza kuwa ufa mdogo. Hapo ni kupumzika na kumwona daktari, si kumeza dawa za maumivu na kuendelea. Pushapu na mazoezi ya tumbo yafuate mpango huohuo.

Miguu itunzwe. Buti mpya zivaliwe nyumbani kwa saa chache kila siku hadi zilainike, pamoja na soksi nene. Kucha zikatwe fupi, na vidole vikaushwe vizuri baada ya kuoga.

Chakula cha kawaida kinatosha: ugali, maharage, dagaa, mboga za majani, matunda na maji ya kutosha. Unga na vidonge vya kujaza misuli havihitajiki.

Usimfundishe kuficha ugonjwa. Pumu, selimundu au tatizo la moyo linaweza kuhatarisha maisha katika mazoezi mazito. Mpeleke akapimwe mapema. Ni afadhali alie kwa kukosa nafasi kuliko familia imlilie yeye.

Kazi za mikono nazo ni mafunzo. Ajue kufua, kupiga pasi, kushona kifungo, kutandika kitanda na kulala mapema. Simu aizoee kukaa mbali nayo.

Nyaraka ziwekwe pamoja: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa. Majina yafanane kote. Kosa la herufi moja lirekebishwe sasa, si siku ya usaili.

Mwisho, fedha. Nafasi za jeshi haziuzwi. Anayedai “ana mtu wake” na kuomba umtumie pesa kwa simu ni tapeli, hata akivaa sare. Fuata tangazo rasmi la JWTZ na masharti yake. Ng’ombe aliyeuzwa kumlipa tapeli harudi, na nafasi haipatikani.

Asipochaguliwa, bado utakuwa na kijana mwenye afya, anayeamka mwenyewe na kujifulia nguo. Huyo ana mahali pa kuanzia popote.