Kabla ya kumeza tembe za kutafuta mimba, pimweni nyote wawili

NDOA inapokawia kujaliwa mtoto, lawama aghalabu humwangukia mke. Naye, kwa kukata tamaa, huenda akanunua tembe alizosifiwa na jirani. Hata hivyo, tembe hizo hutibu tatizo moja tu, na huenda silo lake.

Kila mwezi, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni mbili. FSH huikuza mayai katika ovari, nazo ovari hutoa estrojeni inayounenepesha ukuta wa mji wa mimba. Kisha LH hupanda ghafla, na yai hutoka saa 36 hivi baadaye. Hapo projesteroni hutawala, ikiutayarisha mji wa mimba kulipokea yai lililorutubishwa.

Ndiposa siku ya kupimwa damu ni muhimu. FSH hupimwa siku ya pili hadi ya nne ya hedhi. Projesteroni hupimwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayofuata: siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Homoni ya tezi ya shingo na prolaktini pia huchunguzwa, kwani zikivurugika huweza kuzuia yai kutoka.

Iwapo yai halitoki, daktari anaweza kuagiza letrozoli au klomifeni, tembe zinazomezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Zahitaji uangalizi, maana huongeza uwezekano wa kupata mapacha.

Lakini tembe hizi hazizibui mirija iliyoharibiwa na maambukizi kama vile klamidia, wala hazimtibu mume mwenye mbegu chache. Kwa hivyo manii ya mume yapimwe mapema. Kipimo chenyewe ni chepesi. Mirija ikiwa imeziba, tiba huwa upasuaji au kutungisha mimba katika maabara, njia iliyomleta duniani Louise Brown nchini Uingereza mwaka wa 1978. Gharama yake ni kubwa, na haihakikishi mtoto.

Mke aliye chini ya miaka 35 amwone daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyefikisha umri huo, baada ya miezi sita. Asiyepata hedhi kwa utaratibu asingoje. Na wawili hao waandamane: mke akitibiwa peke yake ilhali kasoro i kwa mume, hupotea pesa, na hupotea miaka isiyorudi.