Maboga yakianguka machanga, tazama bustani ya jirani

Familia nyingi za Dar es Salaam hupanda maboga au matango uani. Majani hustawi, kiboga kidogo hutokeza, kisha hugeuka njano na kuanguka. Lawama hupewa mbolea au jua, lakini mara nyingi aliyekosekana ni nyuki.

Mmea wa boga una maua dume na maua jike. Chavua yake ni nzito na inanata, hivyo upepo hauwezi kuihamisha. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipofika, tunda halikui. Pasheni za njano nazo huwategemea nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao.

Mahindi huchavushwa na upepo, na mpunga hujichavusha wenyewe. Kwa hiyo nyuki wakipungua, ugali na wali havitakosekana sahanini. Kitakachopungua ni matunda na mboga kama maboga, vyakula vinavyompa mtoto vitamini A na C. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linaeleza kuwa takriban aina 3 kati ya 4 za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani.

Hapo ndipo bustani za umma zinapohitajika. Boga huchanua kwa wiki chache, lakini nyuki hula mwaka mzima. Bustani yenye nyasi fupi na miti ya kivuli pekee hupendeza macho, ila kwa nyuki ni jangwa. Ikiongezwa mirehani, vivumbasi, alizeti, milonge na mizambarau, nyuki watapata maua kwa miezi mingi zaidi. Sehemu ya udongo iachwe bila saruji na gogo kavu lisichomwe, kwa kuwa nyuki wengi huishi humo. Dawa ya wadudu isipulizwe kwenye maua yaliyofunguka.

Wazazi huhofia watoto kuumwa. Nyuki aliye kwenye ua hashambulii ovyo asiposumbuliwa. Hatari kubwa iko karibu na makazi yao. Kundi likitua mtini, lisirushiwe mawe, aitwe mfugaji nyuki. Mtoto akiumwa, mwiba utolewe haraka. Akivimba uso au kupumua kwa shida, awahishwe hospitali.

Mtaa ukijadili bustani yake, pamoja na kuuliza viti vitakaa wapi, wazazi waulize pia: mwezi huu kuna nini kinachochanua?