Ng'ombe wa Masisi akishuka Walikale

Wanamemba, tunaona ng'ombe wakitoka malisho ya Masisi kushuka Walikale. Wamoja wanachinjwa karibu na machimbo. Hao hawana shida. Tunasemea wale wa kufuga. Huku juu kuna baridi, mbung'o hakuna. Kule chini porini yuko, na ng'ombe wetu hawakumzoea.

Mbung'o akiuma, anaacha tripanosoma ndani ya damu, kadudu kasikoonekana kwa macho. Ugonjwa wake, nagana, hauuwi mbio kila mara. Ng'ombe anakonda pole pole, damu inapunguka, kwenye mlima anabaki nyuma ya wenzake. Mwenyewe anasema: ni majani mabaya. Kumbe moyo nao umeguswa! Unapiga mbio kusukuma damu nyepesi, na nyama yake yenyewe imeingiwa na ugonjwa. Ukiona kidari kimevimba maji na mshipa wa shingo unaruka, umechelewa.

Moyo unaharibika namna gani? Waliochunguza sana ni Wabrazili, maana kwao kuna tripanosoma nyingine, ndugu ya hii, inayoshika watu. Munganga Carlos Chagas aliieleza mwaka 1909. Mwaka 2005 watafiti wa São Paulo walipima jeni, yaani maagizo yaliyo ndani ya mwili, katika mioyo ya wagonjwa. Kati ya zile zilizowashwa kupita kawaida, 15 kwa 100 zilikuwa zinaitika ishara moja ya vita, interferoni gama. Ni kusema mwili unamfukuza adui, na nyumba inabomoka. Sisi wa Kivu hilo hatuhitaji kuelezwa.

Kwa ng'ombe, watafiti wa ILRI, Nairobi, walilinganisha N'Dama wa Afrika Magharibi na Boran. Wote waliambukizwa, lakini damu ya N'Dama haikupunguka sana, na jeni zao zilijibu kwa namna nyingine. Ng'ombe wetu wa Masisi si N'Dama.

Kwa hiyo, kabla ya kushusha mtamba, ongea na veterinere juu ya sindano ya kinga ya isometamidiamu. Inalinda miezi michache tu, kisha inarudiwa. Ng'ombe akianza kukonda, damu ipimwe mapema: dawa inaua mdudu, lakini moyo uliokwisha kupata makovu haurudi kuwa mpya. Tena msigawanye kichupa kimoja kwa ng'ombe wengi ili kuokoa franga. Dozi ndogo inafundisha mdudu kuzoea dawa, na mwaka ujao jirani yako ndiye atakayelipa.

Na kama ng'ombe amepigwa sindano, uliza siku za kungoja kabla ya kumchinja.