Maji Ndani ya Petroli: Kwa Nini Injini ya Boti Huzima Katikati ya Ziwa

Kwa msomaji anayeishi bara, boti huenda ni chombo cha matembezi. Katika parokia zenye vigango visiwani, kama kule Ukerewe, Ukara au Kome katika Ziwa Victoria, boti ndiyo pikipiki na ndiyo gari la wagonjwa, na Jumapili ndiyo njia ya padre kufika kigangoni. Injini yake kwa kawaida ni ile ya kufungwa nyuma ya mtumbwi, yenye nguvu za farasi 15 au 40. Ukiwauliza manahodha ni kitu gani kinachowasumbua zaidi, wengi hawatataja pistoni wala gia. Watakuambia ni maji kwenye mafuta.

Sisi tunaosoma falsafa tulianza mwaka na Thales wa Mileto, aliyefundisha kwamba asili ya vitu vyote ni maji. Fundi wa boti anaweza kukubaliana naye, ila kwa huzuni.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita 1 ya petroli haizidi sana robo tatu ya kilo. Vitu hivyo viwili havichanganyiki, kwa hiyo maji yakiingia kwenye tangi huzama na kukaa chini kabisa. Sasa, mrija unaonyonya mafuta nao umeshuka hadi karibu na sakafu ya tangi, ili mafuta yatumike yote. Hapo ndipo shida inapozaliwa. Tangi linaweza kuwa na lita 20 za petroli nzuri na kikombe kimoja tu cha maji, lakini kikombe hicho ndicho kilicho jirani na mdomo wa mrija.

Hili linaeleza jambo ambalo watu wengine hulipa maelezo ya kishirikina: kwa nini injini huwaka vizuri ufukweni, ikanguruma kama simba, halafu ikazima mahali pabaya? Ufukweni mtumbwi umetulia na maji yamelala chini ya mdomo wa mrija. Mkifika kwenye mawimbi tangi linatikisika, maji yanarushwa juu, na mrija unayanyonya. Hakuna aliyetupiwa kitu.

Kutoka hapo maji huingia kwenye kabureta na kutua chini ya kibakuli chake kidogo, palepale petroli inapochukuliwa kupitia kitundu chembamba sana. Tone la maji likikaa kwenye kitundu hicho, petroli haipiti vizuri. Injini inakohoa, inapoteza nguvu, inashika tena kidogo, inazima. Vijiko vichache vinatosha.

Maji yanatoka wapi? Wengi husema ni umande wa ndani ya tangi, na ni kweli kwamba tangi lililobaki nusu huvuta hewa yenye unyevu, nayo usiku ikipoa huacha matone kwenye kuta. Lakini kwa tuliyoyaona, tunadhani umande unasingiziwa mno. Mwizi mkubwa ni kifuniko. Dumu au tangi likiachwa juani, mafuta na mvuke wake hutanuka na kutoka kidogo. Mvua ikinyesha jioni, maji hutuama juu ya kifuniko. Usiku baridi ikiingia, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta hewa kutoka nje, na kama mpira wa kifuniko umechakaa, maji yale yaliyotuama huvutwa pamoja nayo. Mwenye dumu anaamka asubuhi, anaona kifuniko kimekazwa, anaapa kwamba hakuna kilichoingia. Hadanganyi, ila dumu limekunywa usiku.

Vyanzo vingine havihitaji maelezo mengi: faneli iliyooshwa ziwani na kutumika kabla ya kukauka, dumu lililokuwa la maji ya kunywa, wimbi linaloingia wakati wa kujaza mafuta mtumbwi ukiwa majini, na petroli iliyouzwa ikiwa tayari na maji. Kile kitambaa cha fulana kuukuu kinachowekwa kwenye faneli huzuia takataka tu. Maji hupita.

Wakati wa likizo ya uchungaji tulivuka na nahodha mmoja mzee, na injini ikazima tukiwa mbali na nchi kavu. Kijana aliyekaa nyuma akaanza kuvuta kamba kwa nguvu zote. Mzee akamwambia, “Acha kuvuta hiyo kamba, mwanangu. Unamnywesha maji mgonjwa aliyekwisha kunywa mengi.” Kisha akaamuru makasia yashikwe ili mtumbwi usigeukie mawimbi ubavu, akahakikisha kila mtu amefunga jaketi la kuokolea maisha, ndipo akafunua injini. Mpangilio ule tuliuona wa busara: watu kwanza, injini baadaye.

Alichofanya baadaye kinafaa kujulikana na kila anayepanda boti. Kwanza alitazama skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Skrubu hiyo hufungwa boti likipumzika na kufunguliwa injini ikifanya kazi. Ikisahaulika imefungwa, tangi hukosa hewa na injini huzima kwa dalili zinazofanana sana na za maji. Akatazama pia kama mpira wa mafuta umeshika vizuri pande zote mbili. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akalegeza skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta na kukinga kwa chupa ya plastiki inayoonyesha. Mafuta yenye oili yalikaa juu yakiwa na rangi yake, na chini yake paliviringika kitu cheupe kama shanga. Hakukuwa na haja ya ubishi tena.

Hakumwaga ndani ya mtumbwi, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hulala chini ya mtumbwi, miguuni pa abiria, ukisubiri cheche.

Halafu alichomoa mpira kwenye tangi lile na kuuunganisha kwenye tangi dogo la akiba lililofungwa vizuri. Akabonyeza kile kipira cha kupampu hadi mafuta safi yakaonekana yakitoka chini ya kabureta, akakaza skrubu, akafungua plagi na kuzifuta. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Wanamantiki watatambua alichofanya: alibadilisha kitu kimoja tu, tangi, akaacha vingine vyote vilivyokuwa. Injini ilipokubali, aliyeshtakiwa akajulikana. John Stuart Mill aliiita njia ya tofauti. Mzee yule anaiita kutochanganya mambo.

Asiye na tangi la akiba anaweza kuliinua tangi upande ule wenye mrija, ili maji yakimbilie upande mwingine, na kwenda polepole hadi nchi kavu iliyo karibu. Ni dawa ya dharura, na kwenye mawimbi makubwa haisaidii sana.

Injini kuwaka tena si kupona. Injini nyingi za aina hii hazina oili ya pekee. Hulainishwa na ile iliyochanganywa kwenye petroli, mara nyingi lita 1 kwa lita 50. Maji yakipita humo, beringi hukosa ulainisho na kutu huanza. Kwa hiyo siku hiyohiyo chujio lisafishwe, tangi na mpira wake vimwagwe na kukaushwa, na injini iendeshwe kidogo kwa mchanganyiko safi kabla ya kulala. Pwani, ambako maji yanayoingia ni ya chumvi, kuchelewa hata siku moja ni hasara, maana chumvi hula kabureta.

Wapo wanaomimina spiriti kwenye tangi ili “imeze” maji. Kwa unyevu kidogo inaweza kusaidia. Kwa kikombe cha maji ni kujidanganya, tena spiriti huharibu mipira mizee. Chujio la kutenganisha maji, lenye kikombe cha kuonyesha chini yake, lina maana zaidi, na kamati ya fedha ya parokia isiliwekee mkasi kwanza.

Na yale mafuta mabaya? Yaachwe yatulie siku nzima kwenye chombo kinachoonyesha, mbali na moto na watoto. Petroli ya juu inyonywe taratibu kwa mpira na kupimwa tena kwenye chupa kabla ya kutumika. Kinachobaki chini kipelekwe kwa fundi mwenye pipa la mafuta machafu. Kisimwagwe ufukweni, maana hatua chache kutoka hapo akina mama wanateka maji ya kupikia.